Siku Niliyosema "Kama Jana"

Mwanangu Sikudhani,

Umeenda Mchukwi kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua mama yangu hatakuacha uondoke mpaka umekula mara mbili na kufungiwa kisamvu cha njiani. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa uani na daftari lako la zamani la hisabati mapajani, maana kurasa za nyuma bado ni nyeupe. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne na kisomo cha watu wazima, unapanda na kushuka. Usicheke. Pasiposomeka nenda taratibu, utanisikia.

Mambo ya mashuka, ya mafuta ya nazi, ya kuswali kwa wakati, ya kutokula ovyo barabarani, hayo nimeyasema wiki nzima hadi ukaniambia, "Mama, hata kasuku hupumzika." Siyarudii. Nataka kukuandikia jambo ambalo mdomo wangu umelikataa miaka kumi. Jana ulipokuwa unasukwa nilikuja nikakaa pembeni yako nikasema leo namwambia, nikaishia kuuliza kama kitana kimeonekana.

Jambo lenyewe umeliamsha wewe. Mwanzoni mwa wiki hii ulikuwa unapepeta mchele, unanisimulia ile miezi yako ya kujifunza kazi kule kwenye kituo cha umeme. Ukanieleza jinsi gesi ya Songosongo inavyofika kwa bomba, ikaingia kwenye mashine, mashine zikalia mchana na usiku kama mvua isiyokatika, na umeme ukatoka hapo ukaenda kwa watu. Ukasema kazi yako kila saa ni kuzunguka na daftari la zamu, kusoma mishale ya geji na kuandika ulichokiona. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mtoto wangu anasoma moto kwa macho, kama nilivyofundishwa mimi.

Kisha ukasema, tena ukicheka, kwamba mashine ya tatu mshale wake wa joto ulikuwa umevuka mstari mwekundu, ukamwita msimamizi, akautazama, akakwambia, "Andika kama jana." Ukamuuliza mbona si kama jana. Akasema mabwawa ya bara yamekauka, nchi nzima iko kwenye mgao, hospitali zinalia, viwanda vinalia, na mashine ikizimwa leo yeye ndiye atakayeulizwa. Ukaandika kama jana. Ikapita siku, zikapita wiki, hapakutokea kitu. Ukaendelea kupepeta.

Mimi niliinuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Ulidhani moshi umeniingia machoni.

Sasa nikupeleke nyuma.

Unakumbuka tulivyokuwa tunachoma mkaa, nyuma ya Mtawanya, kwenye ile mitondoro ambayo leo imebaki visiki. Ulikuwa darasa la tatu, unakaa kwa bibi yako sababu ya shule, kwa hiyo kambini ulikuja siku za mapumziko tu, na mengi ulikuwa huyaoni. Tanuri ni kama kaburi la jitu. Magogo yanapangwa chini, majani juu yake, udongo juu ya majani, moto unatiwa mdomoni, halafu unaachwa ule polepole kwa siku na siku bila kuuona. Unachokiona ni moshi. Ukiwa mweupe mzito, kuni zinatoa maji. Ukianza kuwa mwembamba wa bluu, mkaa unaiva. Lakini huku juu magogo yanavyopungua ndani, udongo unadidimia, na pakitoboka tundu hewa inaingia, na tanuri lote linageuka majivu kabla hujamaliza kuita watu. Ndiyo maana halikuachwa bila mtu hata kidogo. Baba yako, mimi, na baba yako mdogo Mbwana, tulipokezana zamu sisi watatu.

Na kulikuwa na sheria mbili ambazo Mbwana alizipata kwa wachomaji wa zamani, na hakukubali mtu kuzivunja. Ya kwanza, pakifunguka tundu unagonga debe, hata kama unaliweza mwenyewe, ili wote wajue. Ya pili, anayekabidhi zamu lazima alizunguke tanuri pamoja na anayepokea, na kila mahali palipodidimia aguse kwa fimbo, bila haraka, hata mvua inyeshe. Baba yako alikuwa akimtania nduguye. Alikuwa akisema, "Mbwana, ukifa utamzungusha Izraili kaburi lako kabla hujaingia." Mbwana hakuwa mtu wa kucheka. Alisema ataingia akishaona limezibwa vizuri.

Siku yenyewe zamu ya mchana ilikuwa yangu. Asubuhi zilipita baiskeli zikitangaza mkutano wa serikali kwenye uwanja wa shule, habari za gesi na umeme, watu wote wafike. Baba yako na Mbwana walikuwa mbali wanakata magogo ya tanuri la pili. Mimi nikalitazama tanuri, moshi umetulia, nikajiambia naenda narudi.

Alikuwepo bwana mmoja wa mjini, shati la mikono mirefu, na ramani kubwa imeshikwa na walimu wawili. Akatuonyesha kwa kijiti: gesi iko chini ya bahari kule Songosongo, itakuja nchi kavu, itavuka mto, itapita hapa chini ya miguu yenu, iende mjini ikawe umeme. Bi Mtumwa, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, akauliza, "Ikipita miguuni petu tutaisikia au tutaambiwa tu kwamba imepita?" Watu wakacheka, hata yule bwana akacheka. Kisha akasema mwenye kutaka umeme nyumbani kwake aandikishe jina.

Sikudhani, hapo ndipo nilipopotea. Mstari ulikuwa mrefu kutoka mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu hadi kwenye goli. Jua lilikuwa linapanda. Kila mara nilisema ngoja watu watano tena, ngoja watatu tena. Niliona mbele yangu taa imening'inia barazani, wewe unasoma chini yake, kibatari kimetupwa. Nilipofika mbele nikaandikisha jina la baba yako, Athumani, nikamwangalia mkono karani aliyekuwa akiandika mpaka alipoweka nukta. Nikarudi kambini nikikimbia, lakini nikikimbia kwa furaha, si kwa hofu.

Upande wa kichakani tanuri lilikuwa limefunguka tundu la upana wa ungo. Ndani nyekundu. Udongo wa pembeni ulikuwa unaingia punje punje, kama mchanga wa shimo la nguchiro.

Debe lilikuwa pale. Nililishika. Nikafikiri: nikigonga watakuja, wataona tundu hili si la sasa hivi, watajua niliondoka. Mbwana hatasema neno, atanitazama tu. Nikaliweka chini. Nikakata matawi mabichi nikayalaza juu ya tundu, nikatia majani, nikatia udongo, nikausawazisha kwa mgongo wa jembe, nikanyunyiza majivu ya zamani ili pafanane na pengine. Nilikuwa fundi mzuri mwanangu. Ungelitazama usingejua.

Alasiri baba yako akaja kupokea. Akachukua fimbo ili tulizunguke. Nikamwambia hamna haja, uji unapoa. Akauliza, "Umeliachaje?" Nikasema, "Salama. Kama jana." Nikaanza haraka kumpa habari za mkutano na jina lake lililoandikwa, akasahau fimbo. Alifurahi. Alisema taa ya kwanza tutaiweka barazani, na ya pili chooni, maana nyoka wa chooni kwetu hamheshimu mtu. Akanywa uji wake wote.

Magharibi ilipokaribia alipanda juu kuhamisha tundu la moshi. Alitembea upande wa kichakani kwa sababu niliuacha ukiwa mzuri kuliko pande zote. Matawi yakamwachia.

Sitaandika zaidi ya hapo. Alizama hadi kiunoni, na Mbwana ndiye aliyemvuta, na mikono ya Mbwana unaijua ilivyo, wewe uliambiwa ni ya moto na hukuambiwa moto gani. Baba yako alikaa hospitali siku tisa. Siku moja alinitazama akauliza, "Wale wa nguzo za umeme wamefika?" Nikasema bado, wako njiani. Akasema watakapofika niwaambie wasikate mkorosho wa mbele. Siku ya kumi tulimzika.

Baadaye watu wakauliza, kama kawaida ya watu. Tanuri lilipangwa na nani? Lilipangwa na Mbwana. Wakasema basi aliacha uwazi katikati ya magogo, alipanga kwa haraka. Mimi nilikuwa ndani, katika eda. Mjane hatoki, hasemi na wanaume, anakaa nyuma ya pazia miezi minne na siku kumi, na watu wanamstahi. Wallahi nililipenda lile pazia. Wengine huona eda ni gereza, mimi ilinificha.

Siku moja Mbwana alikuja akasimama kizingitini, nikaona miguu yake chini ya kitambaa. Akasema, "Shemeji, zamu ilikuwa yako. Hukuona kitu?"

Nikasema, "Sikuona kitu."

Miguu ikageuka. Mwezi ule ule akaenda delta, Nyamisati, akawa mkataji wa boriti kwenye mikoko, na tangu hapo hajapanga gogo juu ya gogo. Wewe ukakua ukijua kwamba baba yako mdogo ndiye aliyemuua baba yako kwa uzembe. Mimi sikukwambia hivyo. Niliwaacha watu wakwambie, na sikukukanya. Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita alikuja na muwa mrefu, kaubeba begani toka Nyamisati hadi hapa, akakupa kwa mikono yake ile, ukautupa uani mbele yake ukaingia ndani? Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliuona muwa ukianguka. Nikamkaribisha maji, akasema hana kiu.

Wale wa nguzo hawajafika mpaka leo, unajua. Bomba lilifika. Lilipita kwenye mikorosho yetu, mkorosho wa mbele ukang'olewa, wakapanda vile vibao vya njano vya kutukataza kuchimba na kuwasha moto. Sasa nikipita pale kwenda shambani huwa nasimama. Ardhi imesawazishwa vizuri, majani yameota, ng'ombe wa Wasukuma wanapita juu yake. Hakuna moshi wa kuniambia mweupe au bluu. Wenye ilimu wanasema ni salama na mimi sina ilimu ya kuwabishia. Lakini nimeona ardhi ilivyoweza kupendeza juu ya moto.

Watu wa mjini walipokosa umeme walikuja na malori kuchukua mitondoro yetu, ikaisha. Kisha ikaja zamu ya gesi. Sasa wazee wa Utete wanasema wameonekana tena watu wa kupima mto kule juu kwenye korongo, ati nao uzibwe utoe umeme, na hakuna aliyetuambia mafuriko yasipokuja mpunga tutaupanda wapi. Mimi sikatai umeme mwanangu. Niliupangia foleni na unajua sasa nililipa nini. Nasema tu kwamba kila anayekuja hapa na ramani hunikuta nimeshika jembe, na huwa natafuta kwa macho debe liko wapi.

Basi, uliponiambia yale ya msimamizi wako sikulala. Kesho yake nilikuaga kwamba naenda kumjulia hali mgonjwa Nyamisati. Hapakuwa na mgonjwa. Nilimkuta Mbwana kwenye kipenu chake ananoa shoka. Amezeeka kuliko miaka yake. Akanikaribisha mkeka, akauliza za nyumbani, akauliza za mtoto, nikasema mtoto ameajiriwa kwenye mashine za umeme. Akasema alhamdulillahi, na ni kweli alifurahi.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mkutano, mstari, tundu, debe, matawi, uji. Nilikuwa natazama mkeka. Nilisubiri anifukuze, au alie, au anyanyue sauti. Aliliacha shoka akauliza neno moja.

"Upande gani?"

Nikasema, "Wa kichakani."

Maji yalikuwa yanajaa, yanaingia kwenye mizizi ya mikoko, nikawa nayasikia. Kisha akasema, "Upande ule niliupanga vizuri. Nilijua niliupanga vizuri. Nimeupanga kichwani kila siku, gogo kwa gogo, natafuta ule uwazi waliousema, siuoni."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilipoinuka kuondoka aliniuliza safari yako ni lini. Nikamwambia. Akauliza basi linatoka Kibiti saa ngapi.

Sasa unajua. Hukumu yako siiogopi kama ninavyokiogopa kituo kile. Sikwambii uache kazi. Umeisomea, na nimeuza kuku wa mwisho ili uisomee, na nchi inahitaji taa, hata mimi naihitaji. Sijui geji. Sijui mashine ya tatu ni kubwa kiasi gani au ikichoka inafanya nini. Huenda msimamizi wako anajua mstari ule mwekundu umewekwa mbali na hatari. Huenda naye ana mtu juu yake anayemwambia kama jana, na huyo ana wake. Lakini neno lenyewe nalijua. Nililisema nikiwa na bakuli la uji mkononi, kwa mtu niliyempenda, na lilitoka laini kabisa.

Uliniambia anayepokea zamu yako ni kijana wa Singida, Elia, yule anayekuletea karanga za kwao na kukutania kwamba Wandengereko mnakula samaki hadi mnapumua mapovu. Ulilitaja jina lake mara nne wakati wa kupepeta, nilihesabu, mimi ni mama. Uliniambia pia kwamba kazi ya zamu yake ni kupita nyuma ya mashine kwenye ile ngazi ya chuma kukaza na kupaka mafuta. Wewe unaandika, yeye anapanda.

Mwanangu, Elia ana mama Singida, na mama huyo leo hajui kuna mstari mwekundu.

Usimpe Elia neno moja. Mzungushe. Mshike mkono kama ni halali kwenu, kama si halali mtangulie, mpeleke kwenye kila mshale umwonyeshe kwa kidole, huu jana ulikuwa hapa, leo uko hapa. Kwenye daftari andika ulichokiona. Msimamizi akikuondoa, ondoka. Rudi na sanduku lako mchana kweupe, pita katikati ya kijiji, na atakayeuliza umefanya nini mwambie nenda kamuulize mama. Nitakuwa barazani. Safari hii nitajibu.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo ukirudi, jua likiwa bado lipo. Ukitaka kuja jikoni kunisemesha, njoo. Usipotaka, chakula nitakifunika mezani na sitagonga mlango wako.

Kesho stendi ya Kibiti utamkuta mtu amesimama karibu na mlango wa basi, kanzu yake imepauka, mikono ameiweka nyuma kama anavyoiweka mbele za watu. Atakuwa ameondoka Nyamisati leo ili awahi. Hatakuwa na maneno mengi. Kama ninavyomjua, atalizunguka basi lote kwanza, atagusa tairi moja moja, abiria watamcheka, na wewe usione haya.

Akimaliza kuzunguka, mwamkie shikamoo mara mbili. Moja ya kesho, moja ya siku ile ya muwa.

Mimi mama yako,
Zaituni